Kocha alimtoa mchezaji ambaye hakupoteza mpira hata mara moja. Alikuwa sahihi?

#1 Namba Nne
Wakuu, habari za muda huu.

Kuna jambo linanikera tangu ujana, na juzi limerudi nikiwa naangalia marudio ya mechi usiku. Nilikuwa mchezeshaji wa timu yetu ya kikapu, yule anayeleta mpira mbele na kugawa pasi. Siku moja nilicheza robo tatu nzima bila kupoteza mpira. Sifuri. Navusha, natoa pasi ya pembeni, narudishiwa, natoa tena pembeni. Nikajiona mfalme. Robo ya nne inaanza, kocha ananitoa, anamwingiza mwenzangu ambaye kila mtu anamjua anavujisha mipira kama mfuko uliotoboka. Nikauliza kosa langu nini. Akajibu bila hata kuniangalia: "Hujapoteza mpira kwa sababu hujajaribu kitu."

Tulishinda kwa tatu. Ndiyo inayoniuma zaidi.

Swali langu: kwenye kikapu, kujilipua kunaishia wapi na kujitawala kunaanzia wapi? Dai langu ni hili: anayeogopa kupoteza mpira ameshaupoteza, ni king'ora tu hakijalia. Nipingeni.

#2 Benchi Daima
Nimekaa siti ya mbele, nasubiri wajuzi.

#3 Hesabu Tu
Jibu lipo kwenye hesabu, mkuu. Chukua mtu anayefunga asilimia 40 ya mitupo ya kati, ile ya pointi mbili. Mitupo 100 inampa pointi 80. Mwenzake anatupa kutoka nje ya mstari wa pointi tatu, anapatia asilimia 36 tu, lakini mitupo 100 inampa pointi 108. Anayekosa zaidi ndiye anayefunga zaidi. Kwa macho utasema huyu wa pili anabahatisha. Kumbe anayebahatisha ni wa kwanza.

Na kuhusu kupoteza mpira: anayeongoza kwa kupoteza mipira katika historia yote ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ni LeBron James, zaidi ya mara 5,000. Huyo huyo ndiye mfungaji namba moja wa muda wote, alimpita Kareem Abdul-Jabbar Februari 2023. Kocha wako alijua anachofanya.

#4 Goti Bovu
"Mfuko uliotoboka" nimecheka peke yangu hapa. Kwenye timu yetu mfuko huo nilikuwa mimi. Kocha hakuniingiza kwa falsafa yoyote, aliniingiza kwa sababu wengine wote walikuwa na faulo nne, ya tano unatolewa.

#5 Mzee wa Ubao
Hesabu Tu, rekebisha kidogo. NBA ilianza kuweka rekodi ya mipira inayopotezwa msimu wa 1977-78. Wachezeshaji wa kale kina Bob Cousy na Oscar Robertson walimaliza kazi bila kuandikiwa dhambi hiyo. Kwa hiyo usiseme "historia yote", sema "tangu waanze kuhesabu". Halafu mtu aliyecheza misimu zaidi ya 20 huku mpira ukiwa mkononi mwake muda wote ataongoza katika mazuri na mabaya pia.

#6 Hesabu Tu
Nimepokea sahihisho, mzee. Hoja bado imesimama.

#7 Kocha Dada
Nafundisha wasichana wa miaka 13 hadi 16, kwa hiyo naliona jambo hili kila jioni.

Kujitawala hakupo kichwani wala kwenye hesabu, kupo miguuni. Nina zoezi moja wanalichukia. Mchezaji anakimbia na mpira kwa kasi yake yote kuelekea goli. Mahali popote, bila taarifa, napiga makofi. Lazima atue kwa miguu miwili kwa pamoja, magoti yamekunjwa, mpira chini ya kidevu, macho juu. Akiteleza hata nusu hatua anarudi mwanzo. Wiki ya kwanza wanaanguka kama maembe mabovu. Wiki ya tatu unasikia sauti moja tu: *pwa!* Viatu viwili, mlio mmoja.

Faida yake ni hii. Ukitua kwa miguu miwili kwa wakati mmoja, sheria inakuruhusu kuchagua mguu wowote uwe wa kusimamia na mwingine uzunguke. Una njia mbili. Ukitua mmoja mmoja, mguu uliotangulia umeshakuchagulia. Mtoto anayeweza kusimama hivyo namruhusu aingie katikati ya mabeki watatu. Asiyeweza, hapana, hata awe na kasi ya umeme.

Namba Nne, pengine kocha wako aliona huyo mwenzako anajua kusimama. Wewe hukuwahi hata kufika mahali pa kuhitaji kusimama.

#8 Namba Nne
Dada kocha, hiyo sentensi ya mwisho imeniingia. Asante.

#9 Kiatu Kikuukuu
Mnazunguka tu. Kocha alitaka kushinda, akaweka mtu anayeshambulia. Basi.

#10 Filimbi
Nimechezesha mechi miaka mingi kidogo, nami naongezea kutoka upande wa sheria. Watu wanadhani kikapu kinakupa uhuru wa kuchagua kati ya kujilipua na kutulia. Hakikupi. Una sekunde 8 za kuvusha nusu ya uwanja. Ukikabwa kwa karibu umeshika mpira, una sekunde 5 za kuutoa, kuudunda au kuutupa. Ukikaa eneo la ndani la wapinzani zaidi ya sekunde 3, nakupulizia. Timu nzima ina sekunde 24 za kutupa, na ukiokota ribaundi ya kushambulia, yaani mpira wa mwenzako uliokosa goli, unapewa 14 tu. Kila saa hapo iliwekwa kuzuia mtu kuukumbatia mpira.

Kwa hiyo mtu anayejisifu "sikupoteza mpira" huku saa ya 24 ikilia mara tatu ameupoteza mara tatu. Ni vile tu hakuna aliyemnyang'anya.

Namba Nne, siku hiyo saa ililia mara ngapi?

#11 Namba Nne
Filimbi, tulichezea uwanja usio na saa ya 24. Mwamuzi alikuwa anahesabu kwa mkono. Lakini nakumbuka wenzangu wakitupa kwa haraka haraka mwisho wa mashambulizi mengi, mitupo mibaya. Sikuwahi kuihesabu kama makosa yangu.

#12 Goti Bovu
Ilikuwa yako yote mkuu. Uliwapa wenzako kaa la moto ukanawa mikono.

#13 Mzee wa Ubao
Hapo kwenye saa pana kisa cha kale. Tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne Pistons walikwenda kucheza na Minneapolis Lakers, waliokuwa na George Mikan, jitu lisilozuilika enzi hizo. Pistons wakaamua kuukalia mpira. Wanasimama nao, wanapasiana, watazamaji wanazomea. Mechi ikaisha 19 kwa 18, Pistons wameshinda. Mikan alifunga 15 kati ya 18 za timu yake. Hadi leo hakuna mechi ya NBA yenye pointi chache kuliko hiyo.

Mwaka 1954 ndipo Danny Biasone, mmiliki wa Syracuse Nationals, akasukuma wazo la saa. Alichukua dakika 48, yaani sekunde 2,880, akazigawa kwa mitupo 120, idadi aliyoona inaleta mechi nzuri kwa timu mbili. Jibu ni 24. Wastani wa kila timu ukaruka kutoka pointi 79.5 hadi 93.1 ndani ya msimu mmoja.

Sasa niwaulize vijana: Pistons wale walikuwa wanajitawala au walikuwa waoga?

#14 Benchi Daima
Walishinda. Mshindi haitwi mwoga.

#15 Hesabu Tu
Mzee umeniletea zawadi. Pistons hawakuwa waoga hata kidogo. Wao ndio waliojilipua kuliko timu yoyote!

Ukicheza na timu bora kuliko wewe, mashambulizi mengi yanamsaidia yeye. Mkicheza mashambulizi 100 kila upande, ubora utajitokeza tu. Mkicheza 20, mpira mmoja ukigonga chuma vibaya unageuza mechi. Kupunguza mwendo ni kuongeza bahati. Kwa macho wanaonekana wametulia, wameshika mpira, hakuna hatari. Kihesabu wameiweka mechi yote juu ya mitupo michache, na ni kweli iliamuliwa na kikapu cha sekunde za mwisho.

#16 Kocha Dada
Hapo nakubaliana na wewe, na inanisumbua, kwa sababu mimi huwaambia wasichana wangu wapunguze mwendo tukicheza na timu kubwa "ili tusiharibikiwe". Kumbe nilikuwa nawafundisha kamari.

#17 Kiatu Kikuukuu
Lakini kuna njia ya pili kwa mnyonge: kukimbia na kutupa tatu. Sudan Kusini walifanya hivyo dhidi ya Marekani London, Julai 2024. Hadi mapumziko walikuwa mbele 58 kwa 42! Marekani ile ilikuwa na LeBron, Curry na wenzao. Wakapona kwa leiapu ya LeBron, mtupo wa karibu kabisa na goli, zikiwa zimebaki sekunde 8. 101 kwa 100. Kwa hiyo mnyonge apunguze mwendo au aongeze?

#18 Hesabu Tu
Vyote viwili vinafanya kazi, ndio utamu wake. Mmoja anapunguza idadi ya mitupo, mwingine anaongeza uzito wa kila mtupo. Asichotakiwa mnyonge ni kucheza kawaida.

#19 Goti Bovu
Ile ya London ilikuwa mechi ya kirafiki lakini, tusivuke mipaka.

#20 Kiatu Kikuukuu
Mwambie LeBron ilikuwa ya kirafiki. Uliona alivyokimbilia goli?

#21 Benchi Daima
Jamani hizi pointi tatu si zililetwa na Curry?

#22 Goti Bovu
Umeamka saa hizi? Zilianza 1984.

#23 Mzee wa Ubao
Mmoja hajui na mwingine anajua nusu. FIBA, shirikisho la dunia, ndiyo 1984. NBA waliuweka mstari msimu wa 1979-80. Kabla yao ligi pinzani ya ABA ilikuwa nao tangu 1967. Na miaka ya mwanzo NBA waliuona kama kichekesho, kocha akimwona mchezaji anatupa kutoka huko anamkalisha. Curry alichofanya ni kufunga 402 katika msimu mmoja, 2015-16. Kinachoitwa kujilipua leo kesho ni mazoezi ya kawaida ya asubuhi. Waliobadilika ni watu.

#24 Senta Mstaafu
Nyote mnaongelea kushambulia tu. Hatari kubwa kuliko zote uwanjani ni kuruka. Miguu ikishaacha sakafu huna breki, huna usukani, huna radhi.

Nilikuwa senta. Kila mtu akinionyesha shuti la uongo mimi niko hewani. Nikiwa juu namwona chini yangu amesimama, anatabasamu, ananisubiri nishuke kwenye mabega yake. Faulo. Nilikuwa namaliza faulo tano kabla robo ya tatu haijaisha. Siku moja mtu mzima mmoja aliyekuwa akija kutuangalia aliniita, akanishika kiuno akasema: angalia hapa, kiuno hakidanganyi. Mkono unadanganya, macho yanadanganya, bega linadanganya, lakini kiuno kikinyanyuka ndipo nawe unyanyuke. Msimu uliofuata nilikuwa naruka nusu ya nilivyokuwa naruka, na nazuia mara mbili.

Hakeem Olajuwon ndiye peke yake NBA aliyezuia mitupo zaidi ya 2,000 na kuiba mipira zaidi ya 2,000. Kwa senta! Kuzuia na kuiba vyote ni kujilipua, ukikosea mtu kapita. Hakeem alicheza mpira wa mikono na alidakia golini kwenye soka kabla ya kikapu, na miguu yake inasimulia hayo. Na Bill Russell wa Boston, mataji 11 katika misimu 13, hakuwa anaupiga mpira uende kwa watazamaji. Aliugusa tu ubaki uwanjani, wenzake waokote waondoke nao. Mwenye hasira angeupiga mpaka safu ya kumi. Kelele kubwa, halafu wapinzani wanarusha upya.

#25 Kocha Dada
Senta, hilo la kiuno nalichukua kesho.

#26 Filimbi
Ukitaka kujua mchezaji hajitawali, mwangalie faulo yake ya pili. Ya kwanza ni bahati mbaya. Ya pili ikija ndani ya dakika moja baada ya kunyang'anywa mpira, hiyo ni kisasi. Naiona ikija kabla hajaifanya, mabega yanapanda.

#27 Mpita Njia
Samahani wakuu, mimi si mtu wa kikapu, nimefuata kichwa cha uzi. Mwaka jana niliacha kazi nikaanza shughuli yangu bila kujipanga, nikaanguka. Watu wananiambia nilikuwa jasiri. Kwa lugha yenu, nilikuwa jasiri au mfuko uliotoboka?

#28 Goti Bovu
Pole mkuu. Kwa lugha ya dada kocha, uliruka kabla hujajua mguu wa kusimamia ni upi.

#29 Senta Mstaafu
Au aliruka kwa shuti la uongo la mtu mwingine. Kuna aliyekuonyesha mafanikio yake ukanyanyuka?

#30 Mpita Njia
...kuna shemeji yangu.

#31 Benchi Daima
Umemaliza uzi mkuu 😂

#32 Kiatu Kikuukuu
Turudi uwanjani. Hesabu Tu, hesabu zako naziheshimu, ila nikumbushe Houston Rockets, mechi ya saba ya fainali ya kanda ya Magharibi 2018 dhidi ya Golden State. Timu iliyojengwa kwa hesabu zako hizo. Walikuwa mbele kwa 11 mapumziko. Wakakosa mitupo 30 ya pointi tatu mfululizo. Mfululizo! Hakuna mtu wa kusema "jamani tuingie ndani"? Hiyo ndiyo kujitawala kwenu?

#33 Hesabu Tu
27, si 30. Walifunga 7 kati ya 44, wakafungwa 101 kwa 92. Na Chris Paul alikuwa nje na misuli ya paja, usisahau. Kama wangepatia kwa asilimia 36 wangekuwa na vikapu 16 hivi, na leo tungekuwa tunawaita mashujaa waliosimamia msimamo wao. Uamuzi ulikuwa mzuri, matokeo mabaya. Hivi ni vitu viwili.

#34 Kiatu Kikuukuu
Ukikosa 27 mfululizo, mtupo wa 28 si uamuzi tena, ni ukaidi.

#35 Hesabu Tu
Mpira haujui kwamba umekosa 27.

#36 Kocha Dada
Mpira haujui, kweli. Mchezaji anajua. Nimesimama pembeni ya uwanja nikaona mtoto aliyekosa minne: kiwiko kinaanza kwenda nje, anautupa mpira mapema kidogo, anauondoa mkononi kama unaunguza. Huo mtupo wa tano sio ule wa asilimia 36. Hesabu yako inachukulia kila mtupo umetoka kwenye mwili uleule.

#37 Hesabu Tu
Hapo umenikamata kiasi. Kiasi.

#38 Mzee wa Ubao
Mimi nina maelezo tofauti na yenu nyote. Si miguu, si hesabu. Ni aibu.

Wilt Chamberlain alikuwa mbovu wa mitupo huru, ile unayopewa baada ya kufanyiwa faulo, maisha yake yote alifunga takriban nusu tu. Kuna msimu mmoja akaanza kutupa kwa chini, mikono miwili, kutoka kati ya magoti. Tarehe 2 Machi 1962 akafunga pointi 100 katika mechi moja, na mitupo huru akapatia 28 kati ya 32. Msimu huo ulikuwa bora wake kwenye mstari wa mitupo huru. Halafu akaacha! Akarudi kutupa kwa juu kama wengine, akarudi kukosa. Baadaye mwenyewe aliandika kwamba alijiona kituko akitupa vile. Rick Barry alitupa kwa chini miaka yote, akapatia karibu 9 kati ya 10, watu wakamcheka, na ni wachache sana walioiga.

Tazameni hapo. Mtu anayeruka juu ya majitu matatu bila woga anaogopa kuchekwa akiwa amesimama peke yake, hakuna anayemkaba. Namba Nne hakuogopa kupoteza mpira. Aliogopa kuonekana ameupoteza.

#39 Namba Nne
Mzee, sijui nikujibu nini. Msichana fulani alikuwa kwenye watazamaji siku hiyo, hilo sikuliandika.

#40 Goti Bovu
Aaah! Sasa tumepata chanzo. Uzi ufungwe.

#41 Benchi Daima
Usifungwe. Msichana alisemaje?

#42 Namba Nne
Alimpongeza yule aliyeingia.

#43 Senta Mstaafu
Chamberlain alifunga hizo 100 dhidi ya Boston, mzee?

#44 Mzee wa Ubao
New York Knicks, mjini Hershey, Pennsylvania. 169 kwa 147. Ukisikia Boston ujue mtu anachanganya na ugomvi wake na Russell.

#45 Filimbi
Kuna maelezo mengine hamjayagusa: kujua uko wapi ndani ya mechi. Chris Webber, fainali ya vyuo vikuu Marekani 1993, Michigan na North Carolina. Zimebaki sekunde 11, wako nyuma kwa mbili, Webber wa Michigan amebanwa pembeni, akaomba taimauti, yaani kusimamisha mchezo kidogo. Timu yake haikuwa na taimauti iliyobaki. Faulo ya kiufundi, mchezo umekwisha, 77 kwa 71. Na J.R. Smith wa Cleveland 2018, mechi ya kwanza ya fainali ya NBA: matokeo 107 kwa 107, ameokota ribaundi nzuri kabisa baada ya mtupo huru kukosa, zimebaki sekunde nne na ushee, akaukimbiza mpira nje mbali na goli. Muda wa ziada wakafungwa.

Wote wawili walikuwa na miguu mizuri, hesabu nzuri, na sidhani aibu ilihusika. Waliokosa ni namba mbili zilizoandikwa ukutani: pointi na muda. Kujitawala ni kuinua macho uangalie ubao.

#46 Goti Bovu
Filimbi, mwenye kazi ya kupiga kelele "hatuna taimauti" ni benchi. Nasema kama mtu aliyekaa benchi sana.

#47 Benchi Daima
Hapo ni eneo langu. Nathibitisha. Benchi ndiko macho yaliko.

#48 Kiatu Kikuukuu
Na Ray Allen wa Miami, fainali ya NBA 2013? Spurs mbele kwa tatu, mechi ya sita, wana uongozi wa 3-2, kombe liko mkononi. LeBron anakosa, Bosh anaokota mbele ya Duncan, Allen kona, tatu, sare, sekunde 5.2. Miami wakashinda muda wa ziada 103 kwa 100 kisha mechi ya saba. Huyo ni bahati au kujitawala?

#49 Mzee wa Ubao
Duncan, mrefu wa Spurs, hakuwa uwanjani wakati huo. Kocha wao Popovich alikuwa amemtoa ili aweke watu wepesi wa kukaba mitupo ya tatu. Hapo ndipo penye somo, kama mnalitaka. Kocha alizima hatari moja, ile ya pointi tatu, akafungua nyingine, ribaundi. Na wangeweza kufanya faulo wakiwa mbele kwa tatu, wawape mitupo huru miwili, nayo ina hatari zake. Hakukuwa na mlango salama.

#50 Kocha Dada
Allen mwenyewe alikuwa na zoezi: analala sakafuni karibu na goli, anaruka kusimama, anarudi kinyumenyume hadi kona, anapokea, anatupa. Miaka na miaka. Tazameni ile video polepole. Anarudi nyuma hatua ndogo ndogo bila kuangalia chini, visigino vinajua mstari uko wapi. Miguu, nawaambia.

#51 Hesabu Tu
Na asingepata? Zoezi lingekuwa lilelile na leo tusingelizungumza.

#52 Kocha Dada
Asingepata ningelifundisha vilevile.

#53 Senta Mstaafu
Namba Nne, kabla hujaondoka, kuna jambo dogo la vitendo. Kuna aina mbili za kupoteza mpira na watu wanaziandika kwa kalamu moja. Ukirusha pasi ya hatari ikatoka nje ya mstari, mpira umekufa, filimbi imelia, wenzako wanarudi kukaba, gharama ni shambulizi moja. Ukinyang'anywa katikati ya uwanja ukiwa unadunda, mpira uko hai, wote mmegeukia mbele, na yule jamaa anakwenda kufunga peke yake. Ya pili inaumiza mara mbili. Mimi nilikuwa nawaambia wachezeshaji wangu: ukitaka kujilipua, ilenge pasi mahali ambapo ama mwenzako ataipata au itatoka nje. Hujui kama utakosea, lakini aina ya kosa unaweza kuichagua.

#54 Hesabu Tu
Hii ndiyo posti bora ya uzi. Na ni hesabu.

#55 Kocha Dada
Ni miguu. Pasi ya hatari bila kusimama vizuri haiendi unakoilenga.

#56 Mzee wa Ubao
Ni aibu. Pasi ikitoka nje kila mtu anaona ni yako. Ndiyo maana watu wanapenda kunyang'anywa, unaweza kumlaumu mwamuzi.

#57 Filimbi
Mzee!

#58 Namba Nne
Nashukuru wote. Jumamosi kuna mechi yetu ya maveterani. Nitaleta ripoti.

#59 Goti Bovu
Msichana atakuwepo?

#60 Namba Nne
Ni mke wangu sasa. Atakuwepo.

#61 Benchi Daima
Subiri, wewe si ulisema alimpongeza yule mwingine???

#62 Namba Nne
Hilo ni uzi mwingine mkuu.

#63 Namba Nne
Ripoti. Nimecheza dakika 22. Nimepoteza mpira mara nne. Tumeshinda kwa moja. Goti linauma.

#64 Goti Bovu
Karibu kwenye familia.

#65 Senta Mstaafu
Mara nne za aina gani? Zilizotoka nje au za kunyang'anywa?

#66 Namba Nne
Tatu nje. Ya nne alininyang'anya kijana ambaye hata si veterani, kaja kuziba nafasi, na alipofika golini alikosa leiapu.

#67 Hesabu Tu
Hiyo ya nne haihesabiki kama funzo.

#68 Kocha Dada
Ulipokuwa unanyang'anywa ulikuwa umesimama kwa mguu upi?

#69 Namba Nne
Dada kocha, nilikuwa nimeshakaa chini.